Maboga ya Sikukuu ya Vibanda

Mghoi mwanangu,

Umekwenda Rayners Lane kuagana na wenzako na umesema utarudi jioni. Nyumba imetulia, masanduku yako yamepangwa ukutani, nami nimekaa na kalamu kwenye meza ya jikoni. Sitaandika habari za kufua nguo nyeupe kando, wala kula asubuhi, wala kupiga simu. Hayo nimekuambia mpaka umeyachoka. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu nikiandika Kiingereza huwa najificha nyuma ya maneno ya kazini. Najua utasoma polepole. Soma hivyo hivyo polepole.

Tangu Jumapili hujanisemesha ila mambo ya masanduku na saa ya basi la kukupeleka chuoni Newcastle. Sikulaumu. Tulikwenda Barking kwenye ibada ya Wakenya, na baada ya chai Anti Rozina akakuvuta kando. Nilimwona kwa mbali amekushika mkono. Sikujua anakuambia nini mpaka tulipofika hapa Hayes, ukasimama mlangoni mwa jikoni na koti lako bado mwilini, ukaniuliza kwa Kiingereza, kama unavyoniuliza mambo yote mazito, kama ni kweli nilifukuzwa kazi kwa kuiba chakula cha wazee.

Nikasema, "Hayo ni maneno ya watu."

Ukaenda chumbani kwako. Ulijua nimekudanganya. Ulikuwa na miaka tisa nilipokudanganya mara ya kwanza kuhusu jambo hilo hilo, na sasa una kumi na minane. Acha nikuambie lilivyokuwa, pamoja na ile sehemu ambayo Rozina haijui.

Unayakumbuka yale makao ya wazee wa Kiyahudi nilikokuwa napika. Unaukumbuka zaidi ua wa nyuma, maana Jumapili nikikosa wa kukuachia nilikwenda nawe. Jikoni kulikuwa na vyombo vya nyama na vyombo vya maziwa, na ole wako uchanganye hata kijiko. Palikuwa na mzee mwenye ndevu aliyekuja kuhakikisha sheria zao za chakula zinafuatwa. Alikuwa akiinua kila jani la mboga kwenye mwanga, asije mdudu mmoja akaingia sufuriani. Nilimheshimu sana kwa hilo. Nimekulia Taita, mama yangu akilima shamba la mteremko ambalo alijua kila jiwe lake, lakini sikuwahi kuona mtu akilitazama jani kwa makini vile.

Kilichokosa mtu wa kukitazama ni kile kilichorudi. Mchana toroli zilirudi jikoni na sahani ambazo hazijaguswa, kifuniko juu, mvuke bado ndani. Mzee amelala, mzee hana hamu, mzee amekwenda hospitali na hakuna aliyeliarifu jiko. Vyote pipani. Miezi ya kwanza nilikuwa nageuza uso nikivimwaga. Halafu nikazoea.

Bibi Hana, mmoja wa wazee wa pale, ndiye aliyenikuta. Alikuwa amekuja na mkongojo wake mpaka mlango wa jikoni kutafuta chai, akasimama kunitazama.

"Unamwaga nini?"

"Viazi."

"Vina ubaya gani?"

"Havina ubaya."

"Basi mbona vinamwagwa?"

Nikafunika pipa. Aliwahi kuwa mwalimu wa baiolojia miaka mingi, na aliuliza maswali kama mtu anayejua utakesha nayo. Wiki iliyofuata alimwendea meneja, akamsumbua mpaka akapewa ruhusa ya kuweka masanduku ya mbao uani. Maganda ya jikoni yakawa mboji, na mboji ikazaa mchicha, vitunguu na maboga. Hana alikaa kwenye kiti akiamuru, mimi nikilima wakati wa mapumziko, na Rozina akisaidia akimaliza zamu.

Nikuambie Rozina alikuwa nani kwangu wakati huo, kwa sababu unamjua tu kama mama wa kanisani anayesalimia kwa vidole. Alitoka Voi. Tulikutana London tukiwa wageni wawili tusiojua hata kusoma ramani ya treni. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye kazi ile, nikamdhamini kwa meneja. Nilipokuwa na zamu ndefu yeye ndiye aliyekuja kukuchukua shuleni, na nywele zako zote za utoto zilisukwa magotini pake. Sikuwa na dada, nikamfanya dada.

Wewe ulimwita Hana nyanya, kama tulivyokufundisha kumwita kila bibi. Siku uliyomweleza kwamba neno hilo pia ndilo jina la lile tunda jekundu la kwenye kachumbari, alicheka mpaka akashika ubavu, akawa anajitambulisha hivyo kwa wageni. Alikufundisha kuhesabu mbegu na kumshika nyungunyungu bila kumwumiza. Ulimpenda. Nataka ukumbuke kwamba ulimpenda, kwa sababu nilifanya bidii usahau.

Sasa ile sikukuu. Sikukuu ya Vibanda nilikuwa nimeisikia kanisani tangu utotoni, lakini niliidhani ni jambo lililokwisha zamani. Kumbe kila mwaka, mavuno yakishaingia, wanajenga kibanda nje na kula humo siku saba. Kuta ni mbao au turubai, na paa ni matawi yaliyokatwa. Paa lisiwe zito, Hana aliniambia, mtu akiinua macho lazima aone mbingu. Kwa nini, nikauliza. Akasema mtu aliyejaza ghala hujisahau, hudhani ni yeye aliyeleta mvua, kwa hiyo hutolewa nje ya nyumba yake akakae mahali penye kuvuja. Na sikukuu ikiisha wanaomba mvua. Niliposikia hilo nilirudi Taita kwa mawazo. Nilimwona mama yangu akiutazama mlima wa Vuria kama una wingu.

Aliniambia na jambo jingine. Kwamba kwao mwenye shamba havuni mpaka pembeni. Pembe za shamba si zake, ni za maskini na mgeni, na hawapewi kama sadaka, ni haki yao. Na kwamba kuharibu kitu kinachofaa kuliwa ni kosa, hata kama ni chako. "Ndiyo maana siwezi kukusamehe viazi vile," akasema, lakini macho yake yalikuwa yanacheka.

Mwaka ule maboga yalipokubali, Hana akataka sikukuu iwe ya chakula chetu wenyewe. Kibandani tutundike tulichokilima, tupike kilichotoka uani, watoto wa shule waje waone mboji, na kisitupwe kitu. Meneja alilipenda wazo. Alilipenda mno, na hapo ningepaswa kujiuliza. Alialika wapiga picha na wakubwa wa bodi. Siku hiyo kibandani vilining'inia vitunguu, mahindi na maboga madogo, na yale makubwa yakapangwa mlangoni. Wazee walikaa ndani na mablanketi magotini. Wewe ulishika lile limau lao kubwa la kuombea, lenye harufu nzuri, na hukutaka kulirudisha. Nilipika maboga kwa maharagwe, nikayaponda kama tunavyoponda kimanga cha muhogo kwetu, na yule mzee wa ndevu akaonja akaomba tena.

Meneja akahutubia. Alisema makao yetu sasa hayatupi chakula, kwamba tumejifunza kutoka kwa mababu na kutoka kwa "mpishi wetu mpendwa kutoka Afrika". Akaniita nisimame. Watu wakapiga makofi. Mghoi, nilifurahi kupita kiasi. Hata sikukumbuka kwamba Hana hakutajwa. Nilimtazama baadaye, naye alikuwa ameinua uso anatazama juu kati ya matawi.

Sikukuu ilipokwisha nilikwenda kazini asubuhi kama kawaida. Nje, kando ya mlango wa jikoni, lilikuwa limeletwa pipa la chuma la taka, kubwa kama gari. Kibanda kilikuwa kimevunjwa na kutiwa humo. Si mbao tu. Maboga yote yalikuwa humo, mazima, na mikate iliyofungwa, na maboksi ya matunda yaliyoletwa kwa ajili ya wageni. Hata masanduku yetu ya uani yalikuwa yameng'olewa na udongo wake kumwagwa juu ya vyote. Nilimkuta meneja ofisini. Alisema kampuni ya usafi ilikuwa inakuja siku hiyo tu, na kwamba masanduku yangeleta panya.

"Lakini ulisema hatutupi," nikamwambia.

"Ilikuwa siku nzuri sana," akajibu. "Asante kwa kazi yako."

Nikarudi nje. Dirishani juu nilimwona Hana amesimama na gauni la kulalia, anatazama pipa lile.

Rozina alikuwa amefika. Tulisimama pale, udongo bado unanukia mvua. Nikamwambia Jumatano huku Hayes, kwenye ukumbi wa kanisa, watu hupewa chakula cha moto, na maboga yale yangelisha foleni nzima. Tulijua sheria. Hakuna kitu kinachotoka pale, hata kilichotupwa.

"Na tukiulizwa?" Rozina akasema.

"Tutasema ukweli. Tumelima wenyewe, wakatupa, tukaokota."

"Sote wawili?"

"Sote wawili."

Akapanda pipani yeye kwanza. Alinipitishia maboga, mimi nikiyapokea na kuyatia kwenye gari nililoazima kwa jirani yetu wa wakati ule. Tulipeleka mikate na matunda pia. Boga moja nilikuja nalo nyumbani, tukalila wewe na mimi. Hiyo ndiyo habari nzima ya wizi wangu, na sitaipunguza hata kwa lile boga moja.

Siku tatu baadaye niliitwa. Meneja alikuwa na mwanamke mwingine wa ofisi kuu, na picha za kamera. Kwenye picha nilionekana mimi nikipakia garini. Rozina alikuwa ndani ya pipa, na kamera haikufika huko. Nikasema ukweli kama tulivyoahidiana, kwamba tulikuwa wawili na tuliona si kosa. Meneja akafungua faili akasoma maelezo yaliyotiwa sahihi. Kwamba Rozina alinikuta nikipakia. Kwamba alinionya niache. Kwamba nilimjibu kwa ukali.

Kisha wakamwita aje ayathibitishe mbele yangu. Aliingia akakaa kwenye kiti cha mlangoni, anatazama viatu vyake.

"Rozi, ndivyo ilivyokuwa?" nikamwuliza kwa Kiswahili.

Meneja akaniambia tuzungumze Kiingereza. Rozina akasema kwa Kiingereza kwamba ndivyo ilivyokuwa.

 Mkono wake mmoja ulikuwa na mkwaruzo mpya, alioupata kwenye mbao za kibanda tukipakia. Ningeweza kusema, utazameni mkono wake. Sikusema. Nilijua makaratasi yake ya kukaa nchini yalikuwa yamefungamanishwa na kazi ile; akiipoteza, angerudishwa, na watoto wake wawili walikuwa shuleni Voi wakimtegemea. Kwa miaka mingi nimejiambia nilinyamaza kwa huruma. Si kweli. Nilinyamaza kwa kiburi. Nilitaka aishi akijua kwamba ningeweza kumzamisha na sikumzamisha. Ilikuwa njia yangu ya kumpiga. Na ona, mwanangu, haikufanya kazi. Mtu anayeona haya hutafuta hadithi ya kumwondolea haya, na baada ya miaka tisa ameipata, na amekuambia wewe. Nafikiri sasa anaiamini.

Nilipokuwa natoka meneja aliongeza neno moja. Alisema hata wazee wenyewe wamelalamika juu yangu. Hakutaja jina. Mimi nilikwenda nalo kwenye basi nikilitafuna, na kabla sijafika kituo chetu nilikuwa nimeshaamua ni Hana. Nani mwingine aliyetuona? Alikuwa dirishani. Nikasema kumbe wote ni wale wale, wanakufundisha juu ya pembe za shamba mpaka uguse pembe yenyewe. Sikuwa na ushahidi hata wa kujaza kiganja. Nilikuwa nimeumizwa na mtu niliyempenda, na maumivu yale yalikuwa makubwa kuliko mtu mmoja, nikayagawa.

Hapa ndipo Rozina asipopajua, na hapa ndipo ninapoona haya zaidi.

Jumapili iliyofuata ulivaa viatu vyako vya mpira ukasimama mlangoni. Ulikuwa umemchorea Nyanya Hana kibanda, na kwenye paa ulikuwa umetoboa karatasi kwa penseli ili nyota zionekane. Nikakuambia hayupo. Nikakuambia amehamia ng'ambo kwa mtoto wake. Ukauliza mbona hakuaga, nikasema watu wengine ndivyo walivyo. Ulilia siku mbili. Kisha ukaacha kulia, na ukaacha kumtaja, na mwalimu wako akaniambia umekuwa mkimya darasani. Hana hakuwa na mtoto, Mghoi. Hakuwahi kuzaa. Alikuwa maili chache kutoka hapa, kwenye chumba kile kile.

Uliniuliza Jumapili kama niliiba. Kile cha pipani sikioni kuwa wizi, na mbele ya hakimu yeyote ningesema hivyo. Lakini wewe nilikuibia. Nilikuibia mtu aliyekupenda, na nikakufanya uamini kwamba ndiye aliyekutupa.

Kadi zake zilikuja tatu. Nilizijua kwa mwandiko, nikazitia kwenye droo bila kuzifungua. Tulipohamia nyumba hii nilizikuta chini ya bili za zamani, nikakaa sakafuni nikazisoma. Ya kwanza alisema amewaendea bodi na kuwaambia maboga yalikuwa yake, kwamba ni yeye aliyeniomba niyatoe. Alidanganya kwa ajili yangu, yule mwalimu. Walimwitikia kwa upole, kama mtu anayetuliza mtoto, wakamrudisha chumbani. Ya pili aliuliza kama nimepata kazi. Ya tatu ilikuwa fupi. Aliomba nikuruhusu umtembelee, hata kama mimi sitaki kumwona.

Unajua nilichofanya? Nilizirudisha kwenye droo. Mwaka mzima. Kwa sababu kwenda kwake kulihitaji kwanza nije kwako.

Vuli ya mwaka juzi nikaenda. Nilikuambia nina zamu ya ziada kazini, ya kupakia chakula cha abiria kwenye ndege. Meneja alikuwa mwingine, wafanyakazi wote wapya. Kibanda kilikuwa uani, paa la matawi, bila mboga yoyote. Hana alikuwa humo kwenye kiti cha magurudumu, amekuwa mdogo, supu mbele yake inapoa. Nilipiga magoti nikamwambia jina langu. Aliniangalia kwa adabu. Hakunijua.

"Umekuja kwenye sikukuu," akasema. "Vizuri. Wageni ni muhimu. Umekula?"

Nikasema bado. Akausukuma mkate wake upande wangu. Nikaanza kumweleza yote, maboga, kadi, droo, naye akitikisa kichwa kama anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Nilipomaliza akaniuliza kama nina watoto.

"Mmoja. Msichana."

"Mlete," akasema.

Sikukuleta. Ulikuwa na mitihani, kisha nikasema mpaka Pasaka, kisha mpaka joto liingie. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wako. Mwezi wa pili mwaka huu nilipiga simu kuuliza hali yake na msichana wa mapokezi akanipa pole, akaniambia na mahali alipozikwa.

Rozina sijamsamehe. Nalisema wazi ili usije ukadhani mama yako amepata hekima. Namsalimia kanisani, naye anaitikia, na kila mmoja anatazama bega la mwenzake. Labda siku moja. Lakini yeye alinisaliti mara moja, kwa hofu, ndani ya chumba kimoja. Mimi nilimsaliti mtu asiye na kosa, na nikakusaliti wewe, polepole, kwa miaka, huku nikijiona ndiye niliyeonewa. Huko uendako watu watakuumiza, wengine watakuwa marafiki wa kweli kabisa mpaka siku hiyo. Sijui dawa yake. Najua tu nilichofanya na maumivu yangu, nami nimetaka ujue kabla yako hayajaja.

Usinisamehe kituoni kesho kwa sababu basi linaondoka. Nikasirikie mpaka hasira iishe. Nitakubebea sanduku moja, na tukienda kimya, tutakwenda kimya.

Ukirudi Desemba, ukikubali, nitakupeleka kaburini kwake. Wao hawaweki maua. Mtu akizuru huacha kijiwe juu ya kaburi, kuonyesha kwamba amefika. Nilikwenda peke yangu mwezi wa nne, nikaweka kimoja. Kisha nikakisogeza pembeni kidogo, ili chako kipate mahali.

Ni mimi mama yako,
Wakesho